Saa Yatima

Ijumaa, 6 Juni 2008
Saa tatu asubuhi, saa ya zamani

Kwa mdogo wangu Manzur,

Salaam aleikum. Natumaini wewe na shemeji Nasim hamjambo, na kifua chako kimepoa tangu vumbi la mavuno ya ngano. Sisi wazima, isipokuwa nyati wetu wa kufugwa. Mchuuzi wa maziwa anakuja kwa saa mpya, nyati anatoa maziwa kwa saa ya zamani, na mimi nimekaa katikati na ndoo tupu.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua miaka saba iliyopita tuliapa kutosemezana, kisa kadi ya harusi ya binti yangu, ambamo jina lako lilichapwa chini ya jina la yule muuza mbolea. Kiapo nakiheshimu. Lakini tuliapa kwa mdomo, kalamu haikuwapo. Barua hii anakuletea Siraj kinyozi, maana ndiye mtu pekee anayeingia nyumba zote mbili na wembe akatoka bila kesi.

Sasa neno lenyewe. Jana Alhamisi nilifungua maji kama tunavyofungua tangu enzi za marehemu baba: mimi saa mbili asubuhi hadi saa tano, kisha wewe hadi saa nane. Ilipofika saa nne, jua ni shahidi, mwanao Tanvir akaja na sepetu, akaziba mlango wangu wa maji na kugeuzia mfereji kwenu. Mwanangu Iftikhar akamuuliza, "Wee, umerogwa?" Tanvir akamtolea simu. "Soma mwenyewe. Saa tano." "Saa tano ya nani?" "Ya serikali. Ya baba yako ipeleke makumbusho."

Manzur, serikali imesogeza saa mbele kwa saa moja ili kuokoa umeme. Hapa kwetu umeme hukatika hata hivyo, ila sasa unakatika saa moja mapema. Hilo nimelimeza. Lakini kitalu changu cha mpunga kimekunywa saa mbili badala ya tatu, na Juni hii huijui? Miche ikifa sina cha kupanda mvua ikija, na mwaka mzima tutakula upepo.

Nirudishie saa yangu.

Kaka yako,
Khushi Muhammad


Jumapili, 8 Juni 2008
Saa nne na robo asubuhi, saa rasmi

Kwa Kaka Khushi Muhammad,

Waaleikum salaam. Kifua kimepoa, asante kwa kukiulizia baada ya miaka saba. Nasim anakusalimu, ingawa najua jana alikuwa jikoni kwako anakula achari na dada yake. Marehemu baba alituoza ndugu wawili kwa ndugu wawili ili tusigombane. Wao wameelewa.

Kaka, sijakuibia. Karatasi ya zamu iliyopigwa muhuri na karani wa mfereji imeandikwa "saa tano". Serikali inasema saa tano ni hii. Mimi ni mwalimu mkuu. Waraka wa saa mpya niliubandika mlangoni mwa shule kwa mkono wangu. Nikifundisha kwa saa hii na kumwagilia kwa saa ile, watoto watanicheka hadi darasa la tano. Shida yako iko kwa aliye juu yako mferejini: shamba la msikiti linakuachia maji kwa saa ya zamani. Mlaumu imamu.

Tena ujue: saa nane kamili nafunga mlango wangu mwenyewe. Nachukua saa zangu tatu, hata tone la nne silitaki. Anayenifuata ni Bibi Fazlan, ambaye hana saa kabisa, hufungua wakati kivuli cha ukuta kikifika kwenye jiwe lake la kusagia.

Na umwambie Iftikhar asimwite mwanangu "karani wa jua".

Mdogo wako,
Manzur


Ijumaa, 13 Juni 2008
Asubuhi, saa ya zamani

Kwa mdogo wangu Manzur,

Salaam. Nyumbani hatujambo ila kidole gumba cha Iftikhar. Bila shaka umesikia: jana vijana wetu walivuta mpini mmoja wa sepetu, huyu huku, huyu kule, na chuma kikachagua kidole cha wangu. Nyuzi tatu. Kidole tu, safari hii.

Unakumbuka babu alianguka wapi? Pale pale mlangoni pa maji, kwa pigo la sepetu, kwa ajili ya nusu saa. Na enzi zile saa ilikuwa moja tu, nchi nzima.

Sikuandikii ili kulia. Nakuandikia hesabu, maana wewe ni mwalimu na mimi nilijifunza kusoma kwenye magunia ya mbolea. Mimi nimepata saa mbili. Wewe unaapa umechukua tatu tu, na nakuamini, kwa kuwa hata utotoni ulikuwa ukihesabu zabibu. Bibi Fazlan amepata zake tatu, hakuongezewa. Zamani sisi watatu tulikuwa na tisa. Sasa tuna nane, na maji hayakupungua.

Hiyo moja iko kwa nani?

Nijibu kabla ya Alhamisi. Mwanangu ametia mpini mpya, na hajaniambia wa nini.

Kaka yako,
Khushi Muhammad


Jumatatu, 16 Juni 2008

Manzur,

Salaam. Siku tatu nangoja jibu. Miche imeanza kuwa ya manjano nchani. Kama umekataa, andika "nimekataa". Hata hilo ni herufi chache.

Kaka yako


Jumanne, 17 Juni 2008
Saa kumi alasiri, saa rasmi

Kwa Kaka,

Salaam. Afya zetu njema, za moyoni usiulize.

Karatasi yako fupi imenifikia. Unangoja jibu la nini? La matusi uliyonitumia kwa Siraj? Kanieleza yote huku akininyoa, nami nikiwa na povu hadi masikioni siwezi hata kujitetea: kwamba mimi ni mwizi wa saa, kwamba mshahara wa serikali umenigeuza kibaraka, na kwamba Alhamisi mwanao atakata mkono wowote utakaogusa mfereji. Nilitaka kuamini ni maneno ya kinyozi. Ila ulinyamaza tangu barua ya kwanza, na mtu asiyeandika anasema kitu.

Tanvir amewaita binamu zake wa kijiji cha pili. Sikumtuma. Sikumkataza pia.

Mdogo wako,
Manzur


Ijumaa, 20 Juni 2008
Mara baada ya alfajiri, saa ya Mungu

Kwa mdogo wangu Manzur,

Salaam aleikum. Barua hii imekufikia ndani ya kitambaa cha chapati, kwa mkono wa mke wangu Rashida hadi kwa dada yake. Ukiimaliza utajua kwa nini Siraj hakuibeba.

Jana hamkumwona Iftikhar mferejini kote, mkasema ameogopa. Nilimfungia chumba cha makapi tangu alfajiri, na ufunguo nikauweka ndani ya kilemba. Akapiga mlango hadi sauti ikamkauka. Nikawaacha vijana wako wachukue saa yangu mbele ya macho yangu, nami nimekaa ukingoni kama mgeni harusini.

Kisha sikurudi nyumbani. Ukafunga mlango wako saa nane ya serikali, kama ulivyosema. Kwangu ilikuwa saa saba. Bibi Fazlan alikuwa bado amelala kitandani mwake, kivuli hakijafika kwenye jiwe. Maji yakawa mferejini, hayana mtu. Nikayafuata kwa miguu. Yakapita kwa Fazlan, yakapita makaburini, yakakunja kulia nyuma ya tanuri la matofali, mahali ambapo mimi na wewe tunajua hakuna shamba.

Kuna shamba, Manzur. Kuna matikiti, makubwa kama vichwa vya wajumbe. Na Siraj katikati, suruali magotini, anaimba.

Nikamwambia, "Siraj, maji haya ya nani?"

"Ya Mungu, Chaudhri," akanitukuza kwa jina la wenye mashamba.

"Zamu ya nani?"

"Hakuna zamu, Chaudhri. Wa juu kafunga, wa chini hajafungua. Ni saa yatima. Mimi nimeilea tu."

Kibandani mwake niliikuta barua yangu ya tarehe kumi na tatu, ile ya hesabu. Ameipangusia wembe hadi aya ya pili. Basi hukuipata. Na mimi yale matusi sikuyatoa. Angalau si yote. Lile la mshahara nililisema, naomba radhi. La kukata mkono silijui.

Tunataka kuuana, mdogo wangu, ili kinyozi ale tikiti.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu hii: leo asubuhi Iftikhar amevunja mlango wa chumba cha makapi. Amesema hatafungiwa mara ya pili, na simkuti wala sepetu yake. Nadhani amekimbilia kwa marafiki. Kitalu kimebaki nusu, na hiyo nusu haitafika Alhamisi mbili. Fuata saa ya zamani siku moja tu. Zamu zote zitakaa mahali pake, na vijana hawatakuwa na la kupigania.

Kaka yako,
Khushi Muhammad


Jumanne, 24 Juni 2008
Saa tatu asubuhi, saa rasmi

Kwa Kaka Khushi Muhammad,

Waaleikum salaam. Nimeisoma mara nne. Nilikwenda nyuma ya tanuri mwenyewe. Ni kweli, kama vichwa vya wajumbe.

Nimemwambia Tanvir. Akasema, "Baba, leo saa ya zamani, kesho watataka na shamba." Binamu zake watakuja, wameshaahidiana. Kijana akishaahidi wenzake ugomvi, kuurudisha ni aibu kuliko kurudisha mahari.

Wala mimi siwezi kusimama mbele ya kijiji niseme nafuata saa ya zamani. Mkaguzi wa shule akisikia, kazi yangu imekwenda. Lakini leo asubuhi saa yangu ya mkono imeniangukia kwenye hatua za shule. Iliniangukia mara mbili, ya kwanza haikuvunjika. Nimeipeleka kwa fundi mjini, na simu yangu nimeitia ndani ya gunia la ngano.

Mtu asiye na saa hana budi kumuuliza jirani. Jirani yangu Alhamisi ni wewe. Kusemezana tumeapa, basi nitakuuliza kwa maandishi. Siraj ndiye atakayevuka ubao wa mfereji na karatasi. Nimemwambia akikosa kufika, nitamwandikia karani wa mfereji kuhusu kilimo cha matikiti.

Mdogo wako,
Manzur


Alhamisi, 26 Juni 2008
Mlangoni pa maji

Kaka, salaam. Saa yangu iko kwa fundi, watu wote hawa wameona mkono wangu mtupu. Naomba kujua: saa ngapi?
Mdogo wako


Waaleikum salaam. Saa nne na dakika tano. Bado zamu yangu. Mwanao amekanyaga ukingo wangu.
Kaka yako


Na wako ametoka kwenye miwa na sepetu. Mwambie aishushe.
Mdogo wako


Nimemwambia kwa mkono. Anajifanya haoni. Mwambie wako kwanza.
Kaka yako


Wangu nimemshika kanzu. Anasema baba yake ameogopa. Ni kweli. Saa ngapi sasa?
Mdogo wako


Nne na robo. Trekta ya binamu za mwanao imefika tanurini, nahesabu watu sita.
Kaka yako


Kaka, nafasi ya kuandika imekwisha, naandika pembeni. Wangu amenichomoka. Hawa hawatusomi. Wamekua miaka saba hawajatusikia tukisemezana, wanadhani ndivyo watu wanavyoishi. Fanya kitu, wewe ndiye mkubwa.
Mdogo wako


Manzur, hapa nyuma ya karatasi kuna nafasi, kando ya tangazo la fundi viatu. Kafara ya kuvunja kiapo ni kulisha masikini kumi. Mimi na wewe ishirini. Matikiti yapo, Siraj amekubali kwa kichwa. Inuka sasa, teremka mferejini, usivue viatu. Nami nateremka. Tukutane katikati, kati ya sepetu zao. Nitakuita kwa jina, kwa sauti yote niliyobakiwa nayo.

Nikikuita, itika.

Kaka yako