Mbuta Juu ya Kaburi la Baba

Mamboleo, Kisumu

Kwa ndugu yangu Frankline,

Salamu zangu zikukute mzima huko Nairobi, wewe na shemeji Sheryl na watoto. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, ila macho ndiyo yamekataa kabisa. Sasa anatujua kwa sauti na kwa kutupapasa. Ningekupigia, lakini tangu ile ibada ya kumkumbuka Baba simu zangu hushiki, kwa hivyo soma.

Nina hasira na wewe, Frankline. Kazi yangu unaijua. Majani ya nduma, konokono, samaki, vyote navikandamiza kwenye udongo, nikivitoa alama inabaki, namwaga simiti. Watu wanatoka mbali kuja kununua. Na bado jiwe la kaburi la baba yetu ulimpa fundi wa Nairobi. Nilipouliza, uliniambia mbele ya shangazi zetu kwamba msichana akishaolewa hana neno kwenye kaburi la baba yake. Kwa sababu ya wageni nilirudi jikoni kupakua chakula.

Halafu ukafunua turubai pale nyumbani Asembo Bay, na juu ya jiwe amelala mbuta, yule samaki mkubwa, ametolewa kwa simiti. Baba alivua ngege maisha yake yote, na alikuwa akisema mbuta ndiye jambazi aliyewamaliza ngege ziwani. Hakuna siku mbuta alivuka mlango wetu. Wewe ukasema ngege ni mdogo, watu hawatamwona kutoka barabarani. Na huyo mbuta mwenyewe fundi wako alimtoa kwenye friji, macho yamedidimia, mapezi yamegandana na mwili. Samaki wa kutolewa alama huwa amevuliwa asubuhi ile, anafutwa utelezi kwa chumvi na ndimu, mapezi yanatandazwa kwa pini, la sivyo magamba hayatokei. Ungeniuliza tu.

Wageni walisifu. Mlipoondoka Mama aliniomba nimpeleke kaburini, akapapasa jiwe kuanzia mkiani mpaka mdomoni, akauliza ni nani huyu amelazwa juu ya mume wake. Nililia. Yeye hakulia, aliniambia nimtafutie ngege.

Sasa nikwambie usilolijua. Jiwe lako halipo tena kaburini. Nililing'oa mchana kweupe, majirani wakitazama, na mbuta wako nimemlaza mlangoni pa simba yako, ile nyumba yako ya ujana uliyoiacha ikivuja. Ukimtaka, mbebe. Kaburini sasa kuna ngege. Mama alimchagua ufuoni kwa vidole vyake, akamkandamiza kwenye udongo mwenyewe, mimi nikamwaga simiti. Kidole gumba chake kiliteleza, na alama yake imetokea karibu na mkia. Nilitaka kuilainisha, akanikataza.

Najua utakuja umefura, pengine na nyundo mkononi. Njoo. Lakini ukianza kuvunja, anza na hicho kidole cha Mama, naye atakuwa ameketi papo hapo akisikiliza.

Wasalimie watoto, waambie nyanya yao huwaulizia kila anapoamka. Mungu akutunze njiani.

Ni mimi dada yako,
Mercyline, bado binti Ogola