Sheria ya Chungu cha Busaa

Mjukuu wangu Amoding,

Hapa Malaba, upande wa Kenya, tuko salama. Bibi yako anakusalimu, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Umeniuliza kwa nini nakasirika kila katiba ya Uganda inapotajwa.

Wabunge wetu waliambiwa wapitishe katiba mpya kabla ya kuisoma, wakaipitisha. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wanajeshi wakatawala kwa amri. Nilivuka mpaka nikiwa kijana, mikono mitupu.

Jioni moja hapo Amagoro nilikaribishwa busaa, pombe ya nafaka. Tuliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Kabla ya kuanza, Mama Asege, mwenye chungu, alitaja sheria na sote tukaikubali: anayechelewa hungoja nafasi. Busaa ilipotukolea, akaingia tajiri mwenye malori.

"Wewe mkimbizi, nipishe!"

Nilianza kuinuka. Mama akanishika bega. "Keti. Boss, ngoja kama wengine."

"Basi badilisheni sheria!"

"Sasa hivi, watu wakiwa wamelewa?" Wote wakacheka. "Njoo kesho mapema, tuizungumze kabla mtu hajaonja."

Tajiri akangoja. Nami, badala ya kufurahi, niliuweka mrija chini kwa hasira. Mwamba wa Tororo ulionekana pale ng'ambo, Uganda. Kwetu pia tuna vyungu na mirija. Hata waliotunyang'anya katiba waliwahi kuketi penye chungu kama mimi. Walijua vizuri kwamba sheria huzungumzwa kwanza, wala mkubwa haibadilishi kwa amri!

Hasira hiyo haijapoa, mjukuu wangu, wala sitaki ipoe.

Babu yako, bado wa upande huu