Fimbo Namba Moja na Namba Mbili

Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale
Tarehe 27 Aprili 2022

Mpendwa mdogo wangu Zéphyrin,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo Nadine, na kwamba theluji ya huko Kanada imeanza kuyeyuka na kifua chako kimetulia. Mama yetu yupo. Goti lake la kushoto limevimba tena, lakini kila asubuhi anakwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na akirudi anauliza kama umepiga simu. Mimi sijambo, ila nina hasira iliyonikaa kooni wiki ya tano sasa, na muuguzi wa hapa hana dawa yake.

Asante kwa mzigo. Nimeanza na asante kwa sababu Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akaniamuru nianze hivyo. Sasa amekwenda jikoni, naweza kuandika.

Unakumbuka tulichokuomba. Mwezi wa kwanza, familia zilizorudi kutoka kambini zilikuta nyumba zimeporwa mpaka misumari. Nilikuandikia kwamba wanawake wanahitaji majembe sitini kabla ya mvua ya mwezi wa tatu, ili wapande maharagwe. Niliandika majembe. Nilitaja hata uzito wake. Ukajibu kwamba wazungu wa kile kilabu cha gofu unakokata majani wamekusanya kitu kizuri zaidi, kitu cha kuwajenga vijana wetu. Nikajiambia labda ni majembe ya kisasa.

Kumbe ni mifuko miwili ya fimbo za gofu, pamoja na kijitabu cha Kifaransa kinachoeleza maneno ya mchezo huo.

Nimekisoma mara nne, kwa hiyo usinieleze tena. Najua kwamba “par” ni idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia mpaka mpira uingie shimoni. Akitumia pigo moja pungufu wanaita “birdie”, akizidisha moja wanaita “bogey”. “Fairway” ni ile njia ya majani unayoikata wewe, na “rough” ni majani marefu ya pembeni, ambako mpira hutafutwa kwa dakika tatu tu, kisha unahesabiwa umepotea. Nilipofika kwenye “handicap” nilifunga kitabu nikatoka nje. Kumbe huko mchezaji dhaifu anapunguziwa mapigo ili aweze kushindana na mwenye nguvu, na hakuna anayemwita ombaomba! Watu wanaoijua haki namna hiyo wakiwa uwanjani, mwanamke anapowaomba jembe wanawezaje kumjibu kwamba wao ndio wanaojua anachohitaji? Na wewe, uliyelishwa na jembe la mama yako, ulinyamaza.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya majembe. Nakuandikia kwa ajili ya Mbusa.

Humjui, alifika hapa baada ya wewe kuondoka. Ni Mnande wa Butembo, ana duka la chumvi, sabuni na betri karibu na kanisa, na pikipiki inayolilisha duka hilo. Mkewe anaitwa Kavira. Nilipomwambia kwamba mzigo wako umefika Goma, alikubali kuuleta bure, kwa kuwa ulikuwa wa wanawake.

Alipopita Mweso, watu wenye silaha walimsimamisha kwenye kizuizi. Sitaandika ni akina nani, maana barua hufunguliwa njiani. Mifuko mirefu, mizito, na vyuma vinagongana ndani. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Wakaifungua, wakazipanga fimbo chini, wakaona zile za chuma kila moja ina namba yake: tatu, nne, tano, mpaka tisa. Mmoja wao aliyefika sekondari akasoma kijitabu. Akakuta pameandikwa kwamba fimbo za chuma huanzia namba moja, na kwamba namba ikiwa ndogo mpira hufika mbali zaidi. Wakaangalia tena chini. Namba moja hakuna, namba mbili hakuna. Wakaangalia mfuko wa pili. Nao unaanza na tatu.

Hapo ndipo walipomfunga.

Nilifika kwa miguu kesho yake saa nne asubuhi, pamoja na Kavira. Komanda wao alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kijitabu chako mapajani. Mbusa alikuwa nyuma yake kwenye matope, mikono imefungwa mgongoni, kamba imekazwa kwenye viwiko.

— Mwalimu, leta namba moja na namba mbili, tumuache mutu yako, alisema komanda.

— Komanda, hazikuwa ndani. Bale bazungu hawakuzituma.

— Batume tatu bila kutuma moja? Ku masomo yako unaanzaka kuhesabu na tatu?

— Zile mbili ziko ngumu kupiga. Bachezaji bengi banaziacha ku nyumba.

— Yaani zenye kufika mbali njo banaacha ku nyumba, zenye kufika karibu njo banatembea nazo?

Vijana wake wakacheka.

— Acha bongo, papa, usinidanganye. Zenye kufika mbali mulishapatia bale bengine, ba adui yetu.

Kavira akaingilia:

— Komanda, angalia bwana yangu muzuri. Anauzishaka chumvi. Na wewe unakulaka chumvi yake.

— Chumvi naijua, mama. Namba mbili njo sijue.

Nikaeleza. Nilichukua namba tatu nikamwonyesha uso wa chuma ulivyosimama, kisha namba tisa nikamwonyesha ulivyolala. Nilimwambia kwamba uso uliosimama huupeleka mpira mbali na chinichini, na uliolala huurusha juu ukaanguka karibu. Namba moja na mbili uso wake umesimama karibu kama ukuta, na ndiyo maana wengi hawaziwezi. Alinisikiliza kuliko wanafunzi wangu wengi. Alikuwa amekaribia kukubali, Zéphyrin. Alikuwa ameshamwita kijana mwenye kisu aje kuikata kamba. Kisha akaniuliza:

— Na wewe, ulishachezaka?

— Hapana.

— Sasa unajuaje?

Heri ningenyamaza. Mama amenifundisha kunyamaza kwa miaka hamsini na mbili, hajafaulu. Nilimwambia kwamba mtu hujua kwa kusoma, na kwamba nchi hii imeharibiwa na watu walioshika bunduki kabla ya kushika kitabu. Kavira alinivuta shati, lakini nilikuwa nimeshasema.

— Njo vile? akajibu komanda, polepole kabisa. Basi nenda usome, mwalimu. Huyu atabaki hapa mpaka namba moja na mbili zifike.

Nilipanda kilima chenye mtandao, nikakupigia mara tatu, hukupokea. Nikakuandikia: “Fimbo namba moja na mbili ziko wapi? Jibu haraka.” Sikueleza zaidi, chaji ilikuwa inaisha, tena nilidhani mtu akiambiwa na kaka yake ajibu haraka, atajibu haraka. Ulijibu kesho yake jioni. Nakunakilia neno kwa neno: “Yaya, kaka yangu! Umeshaanza kucheza! Hizo mbili ni za mabingwa, hapa hatuzibebi, hata mimi siziwezi.” Na baada ya hapo nyuso saba zinazocheka mpaka zinatoa machozi.

Kulipokucha nilimpelekea komanda simu. Akasoma, akazihesabu zile nyuso kwa kidole, akacheka na yeye.

— Huyu ndugu yako iko na furaha, alisema. Mufungueni huyo.

Mbusa alikuwa amefungwa siku mbili na nusu. Sehemu kubwa ya siku hizo ni yangu, niliinunua kwa mdomo wangu, na sitaki uibebe wewe. Nimemwomba radhi mbele ya mkewe. Alisema yamepita, lakini hakuniangalia.

Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikunjiki. Muuguzi anasema mishipa ya fahamu ilibanwa mno. Pengine itaamka baada ya miezi, pengine haitaamka. Mkono wa kulia ndio unaozungusha gesi ya pikipiki na kushika breki ya mbele. Pikipiki sasa imefunikwa turubai. Kavira anakwenda Mweso kwa miguu, anarudi na kikapu kichwani, na rafu za duka zimebaki na betri tu.

Fimbo tatu zenye vichwa vinene komanda alibaki nazo, moja anatembelea kama mkongojo. Nyingine tulizileta. Sebahire, mfua chuma wetu, alitia namba saba motoni, akaigonga asubuhi nzima, akanipa kitu cha kupalilia vitunguu. Alisema chuma iko nzuri lakini iko kidogo, haitavunja udongo. Wanawake walilima kwa vipande vya mapanga na vijiti vilivyochongwa. Nusu ya mashamba haikupandwa kitu, na mvua ndiyo hii inanyesha juu ya magugu.

Habari njema ni moja. Élie, mtoto wa shangazi, amepata binti, wamemwita Falone. Ana sauti kubwa, nadhani ameirithi kwangu.

Sasa nijibu barua yako iliyofika Jumapili kwa mkono wa padri. Unasema kwamba, kwa kuwa niliziulizia, umeanza kututafutia namba moja na namba mbili, na mzee mmoja wa kilabu amekubali kutoa zake. Usizitume. Naandika jina lako zima ili uelewe: Zéphyrin, usizitume. Usitume chuma chochote chenye namba, na usitume zawadi yoyote ambayo hukuombwa. Barabara hiyo si yako tena, huijui, na anayepita juu yake ni mtu mwingine.

Unaomba pia picha ya vijana wetu wakipiga mpira kwa zile fimbo, ikatundikwe kwenye ukumbi wa kulia chakula wa kilabu. Jibu langu la kwanza lilikuwa la kuchoma barua yako. Kisha nikaenda dukani kwa Mbusa, nikamweleza unachotaka na ninachotaka mimi. Aliweka mkono wa kulia juu ya kaunta kwa kuusaidia na wa kushoto.

— Piga tu, mwalimu. Lakini andika jina yangu nyuma. Basifikiri iko mukono ya mutu hivi hivi.

Picha ya mkono wake imo ndani ya bahasha hii. Jina nimeandika kwa wino: Mbusa, mwenye duka, Kalembe. Wape waliotoa fimbo. Usiwape kupitia kwa katibu wala kuiacha mezani, simama mbele yao ueleze kwa kinywa chako, kwa mpangilio huu huu, na sehemu yangu usiifiche. Ukiogopa kwamba watakufukuza kazi, niandikie kwamba unaogopa. Hilo nitalisamehe. Usiniandikie kwamba umesahau.

Mama anakusalimu na anakuombea. Élie na mkewe wanakusalimu, na Sebahire pia. Kavira hakuagiza salamu, na mimi sikumbana. Msalimie sana Nadine. Mungu aliyekupitisha salama ulipoikimbia barabara hii akupe moyo wa kuwasemea waliobaki wakiipita.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Nestor