Mwenye Kichwa Hichi

Miembeni, Unguja
8 Januari 2025

Mpendwa Khalati Tahiya,

Nnaanza na jambo ambalo sijamwambia mtu, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Khalati, tangu tumalize mitihani nashona kofia ya kiume, kwa siri.

Haya, nshasema. Sasa shikamoo. Hujambo wewe, na Baba Ubwa hajambo? Ubwa mwenyewe keshaanza kutembea, au bado anaburuta makalio kama kwenye ile video? Sisi wazima, alhamdulillah, ila joto na umeme wa kukatikakatika.

Barua hii ataileta Mabrouk, mtoto wa jirani, anayerudi kazini huko Maskati kesho alfajiri. Ujumbe wa sauti siuwezi. Ukinijibu, Mama huufungua jikoni kwa sauti kubwa mpaka Bi Mwanakheri wa ghorofa ya chini anakuitikia.

Sisi tuliomaliza Kidato cha Nne tumekaa majumbani tunasubiri matokeo, na kila mtu kajitafutia kijishughuli chake. Rafiki yangu Faiza anapika ubuyu anauza kwa simu. Kaka yangu Khatib, ambaye hasubiri matokeo yoyote, anafuga njiwa juu ya paa na kuwasimulia mambo yake. Mimi nimerudia viua ulivyonifundisha nilipokuwa mdogo: kuchora kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, kutoboa kwa sindano, kuzungushia uzi kila kitobo mpaka kikae imara. Mama alikuwa akidhani najisomea Kiingereza.

Kofia ni ya Baba. Ni kweli kapona kama Mama alivyokwambia, lakini hospitali ya Dar imeturudishia nusu yake. Kofia zake zote zinamshuka masikioni. Anazitia gazeti la kukunja kwa ndani. Nililikuta nilipokuwa nafua. Siku moja yumo kwenye sijda msikitini, kofia ikamtoka ikabingirika mpaka safu ya mbele. Khatib alikuwa ubavuni mwake, akaja kunambia mimi peke yangu. Tangu hapo Baba anasali nyumbani, anasema ngazi zinamchosha. Barazani kwa wenzake pia hendi. Mama anasema kapungua kidogo tu, mwili utarudi, na hataki kusikia zaidi.

Nilimpima kwa uzi alipopitiwa na usingizi kitini baada ya chakula. Alifumbua macho akauliza kuna nini. Nikamwambia mbu.

Sasa balaa lenyewe. Wiki iliyopita Mama kageuza godoro langu akaikuta. Na wewe unajua, kwetu msichana akijificha kushona kofia watu hawaulizi anashona nini, wanauliza mchumba ni nani. Akaichukua akaiweka ndani ya kofia ya Baba, ikazama kama kikombe ndani ya bakuli. Ya Khatib hakuijaribu, kichwa cha Khatib unakijua. Akaniita, nikaitika naam, nikamkuta kaishika kwa ncha za vidole.

"Mwenye kichwa hichi nani?"

Nilinyamaza, Khalati. Skuli tunasomeshwa kwa Kiingereza, nyumbani tunasema Kiswahili, na mimi kwa haya zangu nanyamaza kwa lugha zote mbili. Lakini safari hii hazikuwa haya tu. Ningesema ni ya Baba, ingebidi niseme na kwa nini ni ndogo, na Baba yuko chumba cha pili, ukuta wenyewe wa mbao.

Basi Mama akaipeleka kwa Bi Mwanakheri, kwa kuwa yeye anashona kofia za kuuza. Bi Mwanakheri akaipima kwa shubiri, akatoa hukumu kwamba huyu si mtu mzima, huyu kijana wa skuli. Tena akaningoja kwenye ngazi: "Mchumba gani huyo, mwanangu, kichwa kama chungwa? Utamtia mfukoni?"

Sasa anashukiwa Wakil, kijana anayetuletea mkate wa bofulo. Kila asubuhi Mama anapokea mkate huku anamkazia macho kichwani. Juzi maskini Wakil alijipapasa nywele akidhani kuna kitu kimemtua.

Kofia Mama kanirudishia kwa kuitupa kitandani, na tangu hapo hasemi nami ila la lazima. Ijumaa, kasema, atamwambia Baba. Naogopa, Khalati. Baba aambiwe mwanawe ana mchumba wa siri, au aambiwe kwamba nyumba nzima tunaona alivyokwisha. Sijui lipi litamuumiza zaidi.

Kwa hiyo nakuomba. Kofia nshaimaliza, imeshafuliwa na kutiwa wanga. Nampa Mabrouk pamoja na barua. Ukiipata tu mpigie Mama, umwambie wewe ndiye uliyeniagiza. Halafu baadaye umpe mtu amletee Baba, kama zawadi yako ya Maskati.

Nasikia ndara ukumbini. Kutwa nzima naisukuma karatasi hii chini ya mto kila nikisikia mtu. Ni Mama. Naiacha ilipo.

Khalati, sasa Alasiri imeshapita. Mama aliingia kutafuta mkasi. Kaiona karatasi, kaniona sikuificha, akaisoma amesimama. Alipofika kwenye gazeti la kukunja akakaa kitandani. Akaichukua kofia akaivika goti lake, akawa anaipapasa viua.

"Hivi kapungua hivi?"

Nikamjibu ndiyo, Mama. Akalia, nami nikalia, kimya kimya kwa ajili ya ule ukuta. Kisha akafuta uso kwa ncha ya mtandio, akanambia nisimtie dada yake kwenye uongo, kofia haisafiri, nikampe Baba mwenyewe kabla ya adhana.

Nilimnyooshea tu. Baba akaitazama ndani na nje. Akavua ile ya zamani, gazeti likamwangukia mapajani, sote wawili tukalitazama. Akavaa mpya. Akainama mpaka kidevu kikagusa kifua, akainuka. Haikucheza.

"Kashona nani?"

"Mimi, Baba."

Nilidhani ataniuliza nimejuaje. Akauliza ndara zake ziko wapi.

Kashuka ngazi mwenyewe, mkono ukutani. Mama alisimama dirishani mpaka alipomwona anaingia msikitini. Swala imekwisha zamani na bado hajapanda. Nasikia sauti yake huko barazani, anabishana na wazee.

Basi lile nililokuomba liache. Mama anakusalimu, na kesho Wakil atakaribishwa chai. Khatib anakusalimu, na njiwa wake. Bi Mwanakheri hajaambiwa kitu; namwachia mchumba wangu mpaka akinai mwenyewe. Nisalimie Baba Ubwa, na Ubwa umbusu kwenye mashavu yote mawili. Mungu akutunze huko ugenini, akurudishe kwetu una afya yako.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye zaidi ya ninavyojua kusema,
Nadra