Maswali ya Akello

Manyatta, Kisumu
Jumapili

Kwa dada yangu mpendwa Aloo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini huko Katito mko wazima na kwamba goti la shemeji limepata nafuu. Sisi tunaendelea, ingawa nina mambo ambayo kuyasema kwenye simu kungenishinda.

Unajua tulimnunulia Akello kompyuta alipoingia Gredi ya Nane. Niliogopa mambo ya mtandaoni, nikamwomba fundi Wandera aweke programu ya kumchunga. Huzuia kurasa chafu na kunitumia ujumbe. Mwezi uliopita iliniarifu kwamba Akello alijaribu kutafuta habari za matiti mara sita kwa siku moja. Dada, nilimgombeza vibaya. Nilimwita mchafu, nikaifungia kompyuta kabatini. Alilia tu.

Jumanne nilimpelekea Wandera kompyuta ili aikaze zaidi. Alifungua orodha ya yote aliyotafuta mtoto, akanivutia kiti, akasema, “Mama Akello, hebu soma mwenyewe.” Yaliyozuiwa yalikuwa uvimbe kwenye titi, dalili zake, tiba yake. Chini yake kulikuwa na swali moja ambalo programu ililipitisha bila kuniarifu, kwa kuwa halikuwa na neno baya: mama akifa, mtoto wa miaka kumi na nne anakaa na nani?

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilimkuta Akello akiosha vyombo, nikamwomba msamaha. Alisema aliniona nikijipapasa kifuani wakati nabadilisha nguo, akaogopa kuniuliza kwa sababu ningesema si kitu. Kweli, ningesema hivyo.

Dada, uvimbe upo. Ninao tangu Pasaka. Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye uliyemuuguza mama yetu mpaka mwisho, na sikutaka uanze tena. Baba Akello nimemwambia jana kwa simu, lakini kazi yake ya mbali haimruhusu kuja. Alhamisi naenda kupimwa, na Akello ameniandikia maswali ya kumuuliza daktari, ukurasa mzima. Nakuomba uje Jumatano ulale hapa. Naogopa kwenda peke yangu, naye Akello amesema hataenda shule mpaka ajue nani yuko nami.

Wasalimie watoto na wote wanaoniulizia hapo sokoni. Mungu awatunze.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Dorca