Simu ya Mezani ya Bibi Skola

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama huwezi, basi soma kimya, na ulichosoma kiishie kwako. Usimsimulie mtu wa Kasulu. Usimsimulie hasa Karani Mkuu wa masjala yetu, maana bado sijathibitishwa kazini. Mimi ni mwoga. Nimelisema mapema.

Jumatatu, 4 Machi 2013

Mvua tangu alfajiri. Majalada ya ardhi yananuka ukungu. Viatu vimelowa tena. Kwetu Singida mvua ni sherehe, huku ni kazi ya kila siku.

Nimerudi saa kumi. Bibi Skola alikuwa amenihifadhia ugali wa muhogo chini ya sahani. Mimi ni mpangaji wake tu, lakini hunihifadhia. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa laini za simu, ndiyo maana nyumba hii ina simu ya mezani mpaka leo. Nyeusi, ya kuzungusha, imekalia kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima.

Imeita nikila. Bibi alisalimu kwa Kiha, akaulaza mkonga wa simu juu ya kitambaa, akapinda magoti, akapiga makofi. Waha wa umri wake hawasalimu bila makofi: viganja vimekunjwa kidogo, polepole. Na makofi yanataka mikono miwili. Alipouinua mkonga, sauti ya mwanamke, laini kama ya redioni, ilikuwa imeshafika mwisho. "...bonyeza moja kuzungumza na mhudumu." Ikakata.

"Huyu binti hakulelewa," Bibi akasema. "Namsalimu, yeye anaongea tu."

Nimecheka kwa sauti. Nimejishangaa.

Jumatano, 6 Machi

Imeita mara mbili jioni hii. Ya pili nimeisikiliza mimi. "Mteja wetu, namba hii itafungwa na kupewa mtu mwingine. Kuzuia, bonyeza moja." Sauti ile ile, pumzi zile zile, kikohozi hakuna. Imerekodiwa.

Nimemweleza Bibi kwamba hiyo ni mashine, na nyuma ya mashine kuna matapeli. Amenitazama sana.

"Mashine inaijuaje namba yangu?"

 Nimesema nitauliza. Sijui nitamuuliza nani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefanya ujinga. Nilimshauri aukate waya. Nilisema kama msomi: simu ya mezani imepitwa na wakati, anunue ya mkononi, nitamfundisha.

Hakukasirika. Angekasirika ningeona afadhali. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akaniambia habari za Gervas.

Gervas ni mwanawe wa pekee. Alikwenda machimboni. Mara ya mwisho alipiga kutoka Mwanza, wakati wa Krismasi, kabla mimi sijaletwa huku. Alisema anahama, hakusema anahamia wapi. Namba zake za mkononi zilikuwa zinabadilika kila mara, lakini namba ya nyumbani anaijua kwa moyo. Baba yake alimfundisha kabla hajajua kusoma. Walikuwa wakiiimba wakienda kanisani.

"Hiyo ya mkononi unayotaka ninunue, Gervas anaijua?"

 Kumbe si simu. Ni mlango ulioachwa wazi.

Sauti ile imempata pale pale panapouma. Naichukia.

Jumanne, 12 Machi

Leo Bibi ameuliza kitufe kiko wapi. Ameigeuza simu juu chini. Simu ya kuzungusha haina vitufe. Nikamwambia, "Haina, Bibi." Nikafurahi kimoyomoyo. Chuma kikuukuu kinamlinda kuliko mimi.

Ijumaa, 15 Machi

Furaha yangu imekwisha. Nimekuta simu nyeupe mezani. Bibi alikwenda mwenyewe dukani kwa Mzee Sudi na kuomba simu yenye vitufe. Mzee Sudi ni mtu wa Pangani, ana duka la vyombo, na ana moyo wa kusaidia kuliko wa kuuliza. Alikuwa nayo stoo. Akaja kuiunga, akanywa chai, akaondoka akisema sasa Bibi Skola ni wa kisasa.

Mashine ilipopiga, Bibi alibonyeza moja.

"Ni mtu, mwana wanje, mwanangu. Ameniita bibi. Ameitikia."

Mtu huyo, mhudumu, amesema namba itapewa mwingine Ijumaa ijayo kama hakulipia usajili mpya. Alipie kwa wakala wa simu za mkononi. Bibi alisema hana hela. Mhudumu akauliza ana nini.

Ana ng'ombe mmoja, anatunzwa na kaka yake huko Kitahana, upande wa Kibondo.

Nilimwambia huo ni wizi. Akasema, "Labda." Nilimwambia tena. Akasema, "Na kama si wizi? Gervas apige, apokee mtu mwingine, amwambie hapa hakuna mama wa Gervas?"

Sikulala vizuri.

Jumatatu, 18 Machi

Bibi yuko shambani. Simu imeita, nimepokea. Mwanamume.

"Wewe ndiye Rehema? Karani wa masjala?"

Nilisema ndiyo. Kwa nini nilisema ndiyo? Adabu ya kijinga. Akacheka.

"Bibi yako amekusifu sana. Binti msomi. Sasa msomi, usiingilie kazi ya kampuni. Tukiandika barua kwa mkuu wako, utarudi kwenu kuchunga mbuzi. Umenielewa, dada?"

Nilikata. Nilikaa sakafuni. Bibi amenisifu. Amemweleza kila kitu, kwa kuwa mtu akikusalimu vizuri unamwambia habari za nyumbani. Ndivyo ilivyo huku.

Aliporudi nilikuwa nimepanga kumwambia. Alikuwa ameniletea muhindi mbichi kauficha kwenye khanga. Nimeuchoma, nimekula, sijamwambia. Nimeogopa. Naogopa hata kuandika.

Jumatano, 20 Machi

Nimeamka, nyumba kimya. Majivu ya jikoni baridi. Jirani anasema Bibi amepanda basi la kwanza kwenda Kibondo. Amevaa viatu vya kanisani.

Amekwenda kumuuza ng'ombe.

Ofisini nimeweka jalada mahali pasipo pake, mara mbili. Saa ya chakula nimekwenda ofisi ya simu. Nilisimama nje kwanza kama mtu anayesubiri mwenzake. Kisha nikaingia. Mama wa dirishani aliniangalia kwa juu ya miwani.

"Namba ya fundi marehemu? Iko hai, imelipiwa. Nani kakwambia inafungwa?"

Nikamweleza. Akasonya.

"Wewe wa tatu. Sisi hatupigi simu kuomba hela, mdogo wangu. Tungekuwa tunapiga, kwani wateja wangepokea?"

Nilicheka kwa unyonge. Kisha nikaenda kwa Karani Mkuu kuomba ruhusa ya kesho. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilimwambia pia kwamba huenda akapokea barua ya kunichafua. Lilinitoka lenyewe.

"Barua ya tapeli?" akasema. "Ifungulie jalada. Nenda kamfuate bibi yako."

Ni yote aliyosema. Nilihofia bure, na hofu haijatoka.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika nikiwa Kitahana, kwa mwanga wa koroboi. Mkono umechoka, lakini niandike.

Barabara tope tupu. Basi limekwama, tumeshuka wote, tumesukuma, mimi na mkoba wangu wa ofisini. Kutoka Kibondo mjini nimepanda bodaboda. Nilimshika dereva kiunoni kwa nguvu hadi akaniuliza, "Dada, unaniona mimi ni mti?"

Nilidhani nimechelewa. Nimeingia uani, ng'ombe bado amefungwa kwenye kigingi, anatafuna. Mnunuzi amekaa kwenye gogo, uso umekunjamana. Alikuwa amefika tangu asubuhi. Lakini Bibi hakuwa amekanyaga hapa muda mrefu, na ndugu walikuwa wanaingia mmoja mmoja kumsalimu. Kila mmoja na makofi yake, na habari zake, za watoto, za muhogo, za waliokufa. Hakuna mtu anayetaja bei katikati ya salamu. Mnunuzi ni Mha pia, angethubutu vipi?

Nami nilipaswa kusalimu. Nimepinda magoti kwenye tope, nimepiga makofi. Vibaya, kama mtu anayeua mbu. Wamecheka wote, na Bibi amecheka, na machozi yakamlenga.

Nikamvuta kando. Nikamwambia ya ofisi ya simu. Akasema ofisi husema hili leo na lile kesho. Nikamwambia ya mwanamume aliyenitisha. Akanishika shavu, lakini bado aliangalia ng'ombe.

 Elimu yangu yote ilikuwa imeishia pale. Nikauliza tu kilichonijia:

"Bibi, huyo mhudumu alikusubiri ukamaliza salamu?"

Alifikiri. Alifikiri mpaka mnunuzi akasimama kujinyoosha.

"Aliitikia," akasema. "Nikaulaza mkonga nipige makofi. Nilipouinua alikuwa ameshafika kwenye malipo." Kisha, polepole: "Hakuniuliza habari za mtu yeyote. Aliniuliza nina nini."

Akarudi uani. Akamwambia mnunuzi kwa Kiha maneno machache. Mnunuzi akamjibu maneno mengi. Kaka yake Bibi akamtolea kibuyu cha maziwa ya mgando, hasira ikapoa.

Ng'ombe amelala nje ya ukuta huu. Namsikia anapumua. Sijawahi kufurahia pumzi za mnyama.

Jumamosi, 23 Machi

Tumerudi Kasulu. Bibi amesinzia begani kwangu njia nzima. Bega limekufa ganzi. Sikulisogeza.

Mzee Sudi amechukua simu yake nyeupe. Amesikia kisa chote, amejipiga paji la uso. "Astaghfirullah! Kumbe nimemfungia mwizi kengele!" Amerudisha ile nyeusi kwa mikono yake, ameifuta vumbi. Na kibao kipya cha kukunia nazi ametuachia, ingawa nazi huku hatuzioni.

Jumatano, 27 Machi

Mhudumu amepiga asubuhi, kabla sijaenda kazini. Ni mimi niliyekuwa karibu.  Bibi alisimama mlangoni, hakuja kuuchukua mkonga. Akaniashiria viganja.

Nikasema, "Mwakeye," salamu ya asubuhi ya Kiha. Nikaulaza mkonga. Nikapinda magoti, nikapiga makofi, polepole, kama alivyonifundisha. Yeye kule alikuwa anafoka, namsikia, sauti ndogo kama nzi kwenye chupa. Niliendelea. Nilipouinua, alikuwa amekata.

 Nimeweza.

"Ndiyo sheria ya nyumba hii," Bibi akasema. "Mtu husubiri."

Ijumaa, 5 Aprili

Mashine bado hupiga. Yule binti wa sauti laini. Bibi humsalimu kila mara, humpigia makofi, huinua mkonga, husikiliza, huurudisha. "Bado hajafundishwa." Nimemwambia hana haja ya kuisalimu mashine. Akasema haisalimii mashine. Anamsalimia anayeweza kuwa ndiye.

Nimeingia chumbani nikalia kidogo. Kisha nikapiga pasi.

Jumamosi, 13 Aprili

Niandike kama ilivyokuwa, nisiongeze.

Asubuhi. Ukungu haujaondoka. Mimi na Bibi tunachambua maharage mezani. Simu imeita. Bibi akapangusa mikono, akapokea, "Mwakeye," akaulaza mkonga kwenye kitambaa, karibu na kiwiko changu. Akapinda magoti, akaanza makofi yake.

Nikasubiri yule binti aanze. Mteja wetu. Hakuanza.

Kimya. Upepo kidogo kwenye waya. Nikadhani imekatika.

Kisha, ndani ya mkonga, makofi. Viganja vilivyokunjwa. Polepole. Yanatoka mbali, kama mtu ameilaza simu yake juu ya kitu, akarudi nyuma kidogo, akapinda magoti.

Bibi hakusikia, alikuwa katikati ya yake. Wote wawili wameziacha simu, wanasalimiana, hakuna anayesikiliza ila mimi. Nilitaka kusema.  Nimenyoosha kidole tu kuelekea mkonga, maharage yakamwagika.

Bibi alimaliza makofi yake. Hakuharakisha. Akauinua.

Nimetoka nje nikawaachia nyumba.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua imepungua. Gervas yuko Chunya. Alikuwa mgonjwa, amepona. Atakuja tukivuna maharage, amesema. Labda. Bibi ameshika fagio tangu kanisani na hajafagia kitu.

Chumba cha Gervas ni hiki ninacholala. Sikujua. Nimeanza kufunga vitu vyangu, Bibi amevifungua. "Nyumba ina vyumba," akasema.

Daftari linakaribia kurasa za mwisho. Ukiwa umelisoma mpaka hapa licha ya kukusihi, sina la kufanya. Nirudishie. Siandiki namba yangu, ila Kasulu mjini muulize yeyote nyumba ya fundi wa simu, ile yenye waya unaopita juu ya mgomba. Au mwombe mwenye namba ya Bibi Skola akupe, na upige asubuhi. Ukisikia "Mwakeye," halafu kimya na makofi, usikate. Laza simu yako chini, mahali pakavu. Piga na wewe.

Nitakuwa karibu.