Ko ya Zaituni

Jumanne.

Na magoti akampigia! Mama wa mkwe wangu kaja leo kutoka Bukoto, na mjukuu wetu Zaituni hakubanduka kwa huyo jaja, bibi yake wa Kiganda. "Jaja, nipeko sukari. Jaja, kaako." Ile ko ya Kiganda, wanaibandika mwisho wa neno ili ombi lilainike. Mimi naambiwa tu, "Bibi, nipe sukari," kama askari wa Naguru anayedai kitambulisho.

Ndiyo, nilimkataza mwenyewe. Kiswahili cha nyumba yangu hakina ko. Lakini leo roho iliniuma.

Nikaita, "Zaituni, nileteeko maji."

Akacheka. "Bibi naye! Si ulikataa?"

"Funga mdomo, lete maji."

Akayaleta kwa magoti. "Kunywako, Bibi."

Bibi mwenzangu wa Bukoto alikuwa anatazama. Niliyanywa polepole, aone vizuri.